Mzigo ukirudi: hairudishwi, kagua mlangoni, badili tu, au rudisha hela?

Gauni lilitoka dukani Ijumaa jioni, likarudi Jumatatu saa 4 asubuhi. Lililetwa na dogo wa boda kwenye mfuko uleule niliofungia, na ujumbe wa WhatsApp ulikuwa umeshamtangulia: "Dada samahani, limenibana kifuani, naomba unirudishie hela yangu." Nikalitoa, nikalitandaza mezani. Lebo ilikuwepo, lakini imeshikizwa kwa pini, wakati mimi nafungia kile kijiuzi cha plastiki. Ndani ya kola palikuwa na doa la faundesheni, upana wa kidole gumba. Nikanusa kwapani: udi, marashi, na kwa mbali pilau. Nikafungua stetasi yake ya Jumamosi. Yumo ukumbini kwenye sendofu, glasi mkononi, gauni limemkaa kama kapimiwa.

Nilimrudishia 85,000 yake yote. Sikuwa na pa kusimamia, kwa sababu kwenye ukurasa wangu nilikuwa nimeandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwamba usipolipenda unarudisha. Niliyaona maduka ya Ulaya yanaandika hivyo, nikajua huo ndio ustaarabu wa biashara.

Tangu siku hiyo nimepita karibu kila njia ya kushughulika na mzigo unaorudi. Kwa muuzaji mdogo wa Dar, mwenye kafremu Kariakoo na akaunti ya Instagram, au asiye na fremu kabisa ila simu na stoo ya chumbani, njia ni nne: hairudishwi, kagua mlangoni, badili tu, na rudisha hela. Nazilinganisha hapa kwa anayetaka kuchagua. Nitangulize jambo moja: hakuna njia inayozuia ujanja wote. Ukichagua njia, umechagua ujanja wa aina gani uje kwako, na hasara abebe nani.

Kwanza tuwaache wakubwa na ukubwa wao

Tunachojilinganisha nacho ni hiki. Amazon inatoa siku 30 kwa bidhaa zake nyingi. Umoja wa Ulaya una sheria inayompa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kughairi bila kueleza sababu. China iliweka siku 7 kwenye sheria yake mwaka 2014. Ukisoma hayo halafu ukiangalia bango lako la "hairudishwi", unajiona mshamba.

Lakini tazama na bili yao. Shirikisho la wauza rejareja la Marekani lilikadiria kwamba mwaka 2023 bidhaa za dola bilioni 743 zilirudishwa nchini humo, yaani asilimia 14.5 ya mauzo. Kwa zilizonunuliwa mtandaoni peke yake ilikuwa asilimia 17.6. Katika kila dola 100 zilizorudi, karibu 14 zilikuwa za ujanja: mtu kavaa akarudisha, karudisha kitu kingine, karudisha cha wizi. Jumla yake ni dola bilioni 101. Wanamudu kwa sababu wanauza kwa wingi usioelezeka, na hasara wanaitandaza kwenye bei ya kila kitu.

Na hata hao wanarudi nyuma. L.L.Bean, duka la nguo na viatu la kule Maine, Marekani, lilikuwa maarufu kwa kupokea kitu hata baada ya miaka mingi. Februari 2018 likakata hadi mwaka mmoja, kwa sababu watu walikuwa wanaokota bidhaa zake kwenye minada ya uani na maduka ya mitumba, kisha wanazipeleka kudai mpya. REI, wauza vifaa vya kupanda milima, walishafanya hivyo mwaka 2013. Zara ilianza kutoza pauni 1.95 Uingereza mwaka 2022 kwa anayerudisha kwa kutuma. China ndiyo ilifika mbali zaidi: Pinduoduo, jukwaa la kuuzia mtandaoni, ilianzisha mwaka 2021 mtindo wa kurudishiwa hela na mzigo unabaki nao, wenzake wakaiga, wauzaji wakalia mpaka mwaka 2025 majukwaa yakaanza kuufuta.

Kesi inayonigusa mimi ni ya Desemba 2023. Amazon ilikishitaki kikundi kinachojiita REKK, kilichokuwa kinauza huduma ya "kurudishiwa hela" kupitia Telegram. Unanunua kompyuta, unawapa asilimia fulani, wao wanahakikisha umerudishiwa hela huku kompyuta unabaki nayo. Kwa mujibu wa mashtaka, walihonga wafanyakazi wa maghala ili waandike kwenye mfumo kwamba mzigo umerudi. Umeona mlango ulipo? Upo kwa yule anayesema "mzigo nimeupokea". Kwa Amazon ni ghala. Kwako wewe ni dogo wa boda na binti anayekushikia duka.

Sisi wa hapa hatuna hata pa kujificha. Jumia, lile soko kubwa la mtandaoni la Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na sehemu kubwa ya biashara ya mtandaoni ya Dar ni hii unayoijua: picha Instagram, bei inboksi, hela kwa simu, mzigo kwa boda. Hakuna mtu wa kati anayeshika hela mpaka mteja aridhike. Kila mmoja anamwogopa mwenzake, na mara nyingi ana haki ya kuogopa.

Hairudishwi

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hela hairejeshwi." Bango hili limebandikwa kila kona, kuanzia Msimbazi hadi Aggrey, na mtandaoni limehamia kwenye maelezo ya akaunti. Faida yake ni moja na ni kubwa: hakuna mjadala. Yule wa sendofu angebaki na gauni lake.

Shida ya kwanza ni sheria. Bango halifuti haki. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inamlinda mlaji dhidi ya kuuziwa kitu kibovu au kisicho chenyewe. Juu ya hapo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inampa aliyenunua kwa mtandao muda wa kughairi, ingawa imeziacha nje baadhi ya bidhaa. Kwa hiyo ukituma kiatu namba 39 kwa aliyeagiza 41 halafu ukamwonyesha bango, bango lako ni karatasi tu.

Shida ya pili ni ya kibiashara, na ndiyo iliyonitoa huko. Mteja akisoma "hairudishwi" hatumi hela mbele. Nusu ya walioniuliza bei walikuwa wanaishia kwenye neno hilo. Wengine wanakubali, wanapokea, halafu wasiporidhika wanatafuta mlango wa nyuma. Mmoja alilipa kwa simu, akapokea mzigo, baada ya robo saa akapiga huduma kwa wateja ya kampuni yake ya simu akidai amekosea namba. Nilihangaika nao siku mbili nzima nikituma picha za mazungumzo yetu. Ukimfungia mtu mlango wa mbele kabisa, usishangae akipitia dirishani.

Ila kuna vitu ambavyo hili ndilo jibu, na usione aibu: nguo za ndani, vipodozi vilivyofunguliwa, hereni, kitambaa kilichokatwa, nguo ya kushonewa kwa vipimo, keki. Hapo andika wazi kabla hajalipa, na ukikosea wewe, beba wewe.

Kagua mlangoni, boda anasubiri

Hii ndiyo njia ninayoipenda na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, kwa sababu ndiyo ya kwetu hasa. Mzigo unakwenda, mteja anafungua mbele ya boda, anajaribu, anaangalia, akiridhika analipa, asiporidhika mzigo unarudi palepale na analipia boda tu. Akishalipa na boda akaondoka, biashara imeisha, isipokuwa kwa ubovu ambao jicho lisingeuona.

Uzuri wake ni kwamba ugomvi wote unakusanywa ndani ya dakika kumi, wakati kitu bado hakijalala nyumbani kwa mtu. Gauni haliwezi kwenda sendofu na kurudi ndani ya dakika kumi.

Nipige hesabu ya gauni lilelile. Nalinunua 60,000, nauza 85,000, faida 25,000. Boda wangu hadi Kinondoni ni 5,000 kwenda na 5,000 kurudi. Chukua oda kumi. Kwa njia ya kurudisha hela, gauni moja tu likirudi limechafuka kiasi cha kutouzika, nimepoteza 60,000: faida ya magauni karibu mawili na nusu. Nikiigawa kwa tisa yaliyouzika, kila moja limebebeshwa kama 6,700. Kwa njia ya mlangoni, tuseme watatu kati ya kumi wamekataa na hata boda wamegoma kulipa. Nimepoteza 30,000, nimebaki na magauni matatu mapya, na kila moja kati ya saba yaliyouzika limebebeshwa kama 4,300. Yaani wakatae watatu, bado napona kuliko kurudishiwa moja bovu.

Sasa ujanja unaopenya hapa. Wa kwanza ni kubadilishiwa mzigo ndani ya nyumba. Nauza pia mawigi ya nywele halisi, na hapo ndipo nilipopigwa. Mteja wa Mbezi Beach alimwambia dogo, "Subiri kidogo baba, nikajitazame kwenye kioo." Akaingia, akakaa, akatoka na wigi ndani ya wavu wake: "Mwambie dada rangi sijaipenda." Dogo akalichukua, akaondoka. Nililipokea jioni. Lilikuwa jeusi, la inchi zilezile, limechanwa vizuri, lakini nilipopitisha vidole kuanzia utosini hadi nchani likalia kama mfuko wa nailoni. Nikachomoa nywele moja, nikaichoma kwa kiberiti: ikajikunja kidonge kigumu, harufu ya plastiki. Nywele halisi huacha majivu na hunuka kama kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa. Laki mbili na ishirini zilibaki Mbezi Beach.

Nilichofanya baadaye hakijanigharimu hata mia. Kila wigi linalotoka kwangu lina mishono mitatu ya uzi wa kijani ndani ya kofia yake, upande wa sikio la kushoto. Anayevaa haimsumbui, na anayetaka kunibadilishia haioni mpaka aambiwe. Dogo wa boda anajua: mzigo ukirudi, geuza, tafuta uzi, ndipo uwashe pikipiki. Asipouona anapiga simu akiwa bado mlangoni. Imetokea mara mbili, na zote mbili mteja "alikumbuka" kwamba amechanganya na la mdogo wake.

Kwa anayeuza simu, uzi wake ni IMEI, ile namba ya utambulisho wa kila simu. Bonyeza *#06# mbele ya kamera kabla hujafunga boksi, andika namba hiyo kwenye risiti, na mwambie mteja aitume kwenda 15090 ajue kama simu ni halali. Hapo unapiga ndege wawili: yeye anapata imani, wewe unapata ushahidi wa ni simu ipi uliyompa. Kwa viatu, kalamu isiyofutika chini ya soli ya ndani, kwenye kisigino. Kwa pasi za nywele na vitu vya umeme, stika yako juu ya parafujo, ile inayochanika ikibanduliwa.

Ujanja wa pili ni malipo. Mteja anamwonyesha dogo ujumbe wa muamala kwenye simu yake, dogo anaachia mzigo, na hela haijatumwa. Tanzania nzima inaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", lakini huu wa mlangoni unawakamata mpaka wajanja, kwa sababu unaonekana kama wa kampuni kabisa. Dawa: boda haachii mpaka mimi niseme neno, na mimi sisemi kwa kusoma ujumbe, nasema kwa kuangalia salio. Namba za matapeli zipeleke 15040.

Wa tatu ni boda mwenyewe, na hapa naongea kwa uangalifu maana wengi wao ni watu wa kutegemewa kuliko ndugu. Anaweza kukwambia mteja kakataa, kumbe mzigo hajaupeleka. Alikuwa na abiria wa kwenda Gongo la Mboto. Kwa hiyo mteja akikataa, namtaka mteja mwenyewe aniandikie, hata neno moja.

Kasoro kubwa ya njia hii ni mikoa. Mzigo unaopakiwa basi pale Magufuli, Mbezi Luis, kwenda Mwanza au Mbeya, hauna wa kusubiri mlangoni. Mteja wa mkoani lazima alipe kwanza, na mzigo ukirudi kuna nauli mbili za kifurushi na siku kadhaa njiani. Kwake unahitaji mojawapo ya njia mbili zinazofuata.

Badili tu

Hapa mteja akirudisha ndani ya siku ulizoweka, mimi natoa tatu, anachukua saizi nyingine, rangi nyingine, au kitu kingine cha thamani hiyo. Hela haitoki.

Inaua ujanja wa kuazima kwa jina la kununua, si wote lakini mwingi. Aliyetaka gauni la Jumamosi moja hana haja ya gauni jingine Jumatatu. Anataka hela yake. Akishajua hela haitoki, anatafuta duka jingine la kuonea. Kwa viatu na nguo, ambako sababu ya kweli ya kurudisha huwa saizi, njia hii inamaliza tatizo la kweli bila kumwaga hela. Namba za viatu vya China kila mtu anajua zilivyo. 40 ya kiwanda hiki ni 38 ya kile.

Udhaifu wake unaonekana unapokuwa na mzigo mchache. Mteja karudisha kiatu chekundu 38, hutaki kumpa hela, na 39 huna. Unamwambia asubiri kontena? Hapo ndipo mtu mwema anageuka adui, na ana haki. Mimi nimejiwekea kwamba kama siwezi kumbadilishia ndani ya siku saba, hela inarudi bila maneno. Wenzangu kadhaa wanaandika "utapewa kitu kingine chochote", mteja aliyekuja kutafuta kiatu cha kazini anaondoka na mkoba asioutaka. Huo nao ni utapeli, tofauti ni kwamba umevaa nguo za muuzaji.

Rudisha hela

Nimeshasimulia ilivyonifanya. Lakini nisiwe mkali kupita kiasi: ndiyo njia inayouza zaidi. Mwezi niliokuwa na tangazo lile, oda za kulipa kwanza zilikuwa nyingi kuliko mwezi wowote, hasa za mikoani. Mteja asiyekujua anakopesha imani yake, na ahadi ya hela kurudi ndiyo dhamana anayoshika.

Ukiichagua, usiiandike kama nilivyoandika mimi. Iwe na siku, na siku zihesabiwe tangu alipopokea. Iwe na lebo: mimi sasa natumia lebo kubwa kama kadi ya harusi, naining'iniza mbele kifuani ambako huwezi kupiga picha nayo, na nimeandika kwamba ikikatwa tu, gauni ni lako. Maduka makubwa nje yanatumia ujanja huohuo kwa nguo za sherehe. Na hela irudi baada ya mzigo kufika na kukaguliwa, kwenye namba ileile iliyolipa. Ukiambiwa "nitumie kwenye namba hii nyingine ya kaka yangu", simama kwanza. Siku utakayotuma, mwenye namba ya kwanza atakuja kukudai, na yeye ndiye mwenye muamala.

Kwa wanaosoma kwa harakaharaka:

| Njia | Inakugharimu nini | Ujanja unaopenya | Inafaa |
|---|---|---|---|
| Hairudishwi | Wateja wanaokimbia, na huna kinga ukikosea wewe | Kudai "nimekosea namba", "sijapokea" | Vya ndani, vipodozi, vya oda |
| Kagua mlangoni | Boda ya kurudi, muda | Kubadilishiwa mzigo, ujumbe feki wa malipo | Dar yote. Mawigi, simu, magauni |
| Badili tu | Stoo yenye saizi nyingi | Kurudisha kilichovaliwa kidogo | Viatu, nguo za kila siku |
| Rudisha hela | Kitu chenyewe kikirudi kibovu | Kuvaa na kurudisha, kurudisha kingine | Mteja wa mkoani, bidhaa yenye sili |

Kwa hiyo uchague ipi

Usichague njia moja kwa duka zima. Hilo ndilo kosa nililoliona kwa wengi, na mimi nikiwemo. Chagua kwa kitu. Jiulize maswali mawili tu: kitu hiki kikilala usiku mmoja nyumbani kwa mtu, kinapoteza thamani? Na kikirudi, nitakijua kwamba ni chenyewe?

Gauni la sherehe linapoteza thamani kwa usiku mmoja, kwa hiyo mlangoni tu. Wigi halipotezi sana lakini hulijui likirudi, basi uzi wa kijani na mlangoni. Sufuria lililofungwa kwenye boksi lake halipotezi na unalijua. Rudisha hela ndani ya siku saba, hutajuta. Kiatu cha shule cha mtoto: badili, na badili kwa moyo mmoja, mama huyo atarudi Januari na watoto wengine wawili. Simu iko peke yake. Ikaguliwe mlangoni kwa kila kitu kinachoonekana, kioo, kamera, chaji, laini, halafu toa siku chache za kurudisha kwa ubovu wa ndani tu, kwa IMEI ileile.

Njia yoyote utakayochukua, bila kumbukumbu haisimami. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mzigo unaotoka kwangu nauchukua video ya nusu dakika: kitu chenyewe, alama yake, lebo, kisha mfuko ukifungwa, jina la mteja na tarehe kwenye karatasi pembeni. Mzigo ukirudi, video nyingine, kuanzia mfuko ukiwa bado umefungwa. Ukishaufungua kabla ya kurekodi, umeshapoteza kesi. Siku hizi mtu akianza kulalamika namtumia ile ya kutoka, bila neno. Saba kati ya kumi wananyamaza. Watatu waliobaki huwa wana haki kweli, na video hiyohiyo inanionyesha nilipokosea. Mara moja niliona mwenyewe kwenye simu yangu nikifunga kiatu cha kushoto na cha kushoto.

Na utoe risiti. Mteja aliyepewa risiti yenye jina la kitu, namba yake na masharti ya kurudisha yameandikwa nyuma kwa mistari mitatu, hana cha kusema hakuambiwa. Sharti lililotumwa baada ya malipo si sharti.

Wewe unayenunua, ukikuta muuzaji anakataa usifungue mzigo mbele ya boda, anataka hela yote kwanza, na masharti ya kurudisha hayaonekani popote, muache. Anayekuambia "fungua uangalie" amejiamini na mzigo wake.

Lile gauni sikuliuza tena. Dobi alilipunguza doa la kola, halikuisha. Nilikaa nalo wiki mbili likining'inia, kila nikilitazama nasikia hasira, mpaka nikajiuliza yule dada alikuwa anatafuta nini hasa. Alitaka gauni la Jumamosi moja. Basi nikaliandikia bei ya kukodi: 30,000 kwa mwisho wa wiki, na amana 60,000 inayorudi Jumatatu gauni likirudi. Limeshatoka mara sita, mara mbili kwa sendofu, moja kwa kipaimara, nyingine sikuuliza. Kabla halijatoka namwonyesha anayekodi kola, namwambia alipige picha lile doa kwa simu yake mwenyewe, ndipo nalifunga.